SOMO LA VYAMA: UTANDO WA KIJANI KATIKA LAMBO, KUUTAMBUA NA KUUZUIA

Shabaha ya somo

Somo hili ni kwa makatibu wa vyama vya msingi, wajumbe wa bodi, na wanachama wote wenye lambo la pamoja, tangi la maji ya mvua au bwawa la samaki. Yafaa lisomwe kwa sauti mbele ya kikundi, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe. Akimaliza somo hili, mwanachama aweze kufanya mambo matatu: kutofautisha utando wenye madhara na mimea ya maji isiyo na madhara; kueleza utando huo unatoka wapi; na kutaja hatua ambazo chama chaweza kuchukua bila kungojea msaada kutoka mbali.

1. Hali yenyewe

Katika Somanda, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Bariadi, mvua kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba na kukoma mwezi wa Mei. Baada ya hapo maji hayaongezeki tena. Ng'ombe hunywa, watu huchota, jua hukausha, na lambo hupungua siku hadi siku. Kufikia Septemba na Oktoba, maji yaliyobaki ni machache, yana joto, yametulia, na yamejaa kila kitu kilichoingia humo tangu masika.

Ndipo siku moja alfajiri mchungaji afikapo na mifugo yake hukuta uso wa maji umegeuka. Upande ule upepo unaovumia pametanda kitu cha kijani, laini, chenye kuteleza, mithili ya rangi ya mlango iliyomwagwa. Baada ya siku chache harufu yake husikika kabla ya lambo lenyewe kuonekana.

Jambo hili litokeapo, wanachama hugawanyika. Wako wasemao kwamba ni uchafu tu wa kiangazi, na kwamba ng'ombe wa babu zao walikunywa maji kama hayo. Wako watakao dawa inunuliwe na kumwagwa siku hiyo hiyo. Pande zote mbili zina nia njema, lakini kila upande waweza kulitia kundi zima katika hasara. Hapana budi kwanza kukifahamu kitu chenyewe.

2. Utando huu ni nini

Utando huu si mmea kamili wala si uchafu. Ni viumbe vidogo sana, visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, viitwavyo sianobakteria, yaani bakteria wa rangi ya kijani na buluu. Kama mimea, hujitengenezea chakula kwa nguvu za jua. Ni miongoni mwa viumbe wakongwe kabisa duniani: zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni, hewa ambayo watu na wanyama wanaivuta hadi leo. Kwa hiyo si viumbe waovu kwa asili. Heroe wadogo wa Ziwa Natron na wa maziwa ya magadi ya Kenya huishi kwa kula aina moja ya bakteria hawa, na nchini Chad watu huwakausha na kuwatia katika mchuzi.

Ubaya huja wanapozidi. Aina kadhaa zina vifuko vya hewa ndani ya miili yao, navyo huwawezesha kupanda juu ya maji na kulifuata jua. Aina nyingine hunasa nitrojeni kutoka hewani, na hivyo hujipatia mbolea zenyewe. Vilevile aina kadhaa hutengeneza sumu. Mojawapo ya sumu hizo ni mikrosistini, ambayo hushambulia ini. Nyingine hushambulia mishipa ya fahamu na kumlegeza mnyama hata akashindwa kupumua.

Haya yalijulikana zamani. Katika mwaka 1878 mkemia George Francis alieleza katika jarida la sayansi la Nature jinsi mifugo ilivyokufa baada ya kunywa maji yenye utando wa namna hii kandokando ya Ziwa Alexandrina, Australia. Karibu na nyumbani, mwaka 2020, zaidi ya ndovu 300 walikufa katika eneo la Okavango nchini Botswana, na mwezi Septemba mwaka huo serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba sumu ya sianobakteria katika mabwawa waliyokunywa ndiyo iliyokuwa chanzo. Katika Ziwa Victoria, watafiti wamekwisha kuikuta mikrosistini katika maji ya Ghuba ya Mwanza.

3. Jinsi ya kuutambua

Si kila kijani ni adui. Katibu na wajumbe wake wajifunze kutenganisha mambo matano yafuatayo:

(a) Nyuzi za kijani. Hizi ni mwani wa kawaida. Zikiinuliwa kwa kijiti hunasa na kuning'inia kama nywele zilizolowa. Hazipendezi, na zaweza kuziba pampu, lakini kwa kawaida hazina sumu.

(b) Vijani vidogo vinavyoelea. Kila kimoja chaonekana kuwa jani kamili, pengine chenye kijizizi chini yake. Hii ni mimea ya maji.

(c) Ngozi nyembamba yenye kung'aa kama mafuta, pamoja na ukoga wa rangi ya kutu kwenye visima na mabomba. Hii mara nyingi ni kazi ya bakteria wa chuma. Guswa na kijiti, ngozi hiyo huvunjika vipande vipande kama kioo. Mafuta ya kweli hujikusanya tena mara moja.

(d) Wekundu unaotanda juu ya dimbwi wakati wa jua kali na kufifia jioni. Hivi mara nyingi ni vijidudu vya maji viitwavyo euglena. Ni dalili kwamba maji yamejaa mbolea, na lambo lichunguzwe zaidi.

(e) Utando wa sianobakteria. Hauna majani wala nyuzi za kushikika. Kijiti kikiingizwa hutoka kimepakwa rangi, kama brashi iliyotoka katika kopo. Rangi yake ni kijani kibichi, kijani cha buluu, na pengine kahawia au nyekundu. Ukikauka ukingoni huacha alama ya buluu au nyeupe, na harufu yake ni ya kuoza.

Ipo pia njia ya chupa, isiyo na gharama. Chukua chupa ya kioo nyeupe yenye mdomo mpana na kifuniko. Vaa glavu za mpira, kisha ujaze robo tatu ya chupa kwa maji yaliyochotwa chini kidogo ya uso wa lambo, siyo utando mtupu. Funika, weka pahali penye ubaridi pasipoguswa, na uache usiku kucha. Asubuhi, bila kuitikisa, tazama. Kijani kikiwa kimezama chini, yaelekea ni mwani wa kawaida. Kikiwa kimepanda na kufanya pete ya kijani juu, yaelekea ni sianobakteria.

Neno "yaelekea" lisipuuzwe. Njia hizi husaidia kushuku; hazithibitishi kwamba sumu ipo au haipo. Uthibitisho hutoka katika maabara. Mpaka hapo, utando unaoshukiwa uhesabiwe kuwa una sumu.

4. Hatari kwa mifugo na kwa watu

Upepo huusukuma utando upande mmoja, na upande huo mara nyingi ndio wenye mteremko mzuri ambao ng'ombe hushukia. Kwa hiyo mnyama hunywa maji yale yaliyo mabaya kuliko yote lamboni. Ng'ombe aliyedhurika huonyesha udhaifu, kutetemeka, kuharisha, kukataa malisho, na pengine hufa baada ya saa chache. Anayepona huenda ini lake likabaki na madhara, na ngozi yake, hasa penye mabaka meupe, huungua na kubanduka kwa jua.

Hapa pana onyo kubwa. Mnyama aliyekufa ghafla kando ya lambo asipasuliwe, asichunwe, wala nyama yake isigawiwe. Kufa ghafla ni dalili ya kimeta pia, nacho kimeta huua watu. Aitwe afisa mifugo kwanza, hata kama kila mtu anaamini kwamba chanzo ni maji.

Kwa upande wa watu, liko jambo moja ambalo kila mwalimu wa chama hana budi kulirudia. Katika mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wananchi katika vikundi vya redio mambo mengi ya usafi, na kuchemsha maji lilikuwa mojawapo. Fundisho hilo lilikuwa sahihi na lingali sahihi: kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini sumu ya utando si kijidudu. Haifi kwa moto. Maji yenye utando yakichemshwa, bakteria hupasuka na sumu iliyokuwa ndani yao humwagika katika maji yale yale. Kitambaa cha kuchujia hakiizuii, na kidonge cha kutibu maji ya nyumbani kisitegemewe kuiondoa. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1998 kiwango cha mikrogramu 1 tu ya mikrosistini katika lita moja ya maji ya kunywa. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala hakionjeki kwa ulimi.

Watoto wasiogelee wala kuchezea pembezoni penye utando, na nguo zisifuliwe hapo. Ngozi huwasha, macho huwaka, na mtoto humeza maji bila kujua.

5. Chanzo: hesabu ya samadi

Mkulima yeyote wa pamba ajua kwamba shamba lisilo na rutuba halistawishi kitu. Lambo nalo hufuata kanuni hiyo hiyo kwa upande wa pili: utando hauwezi kustawi pasipo mbolea. Mambo manne huustawisha, nayo ni mbolea, joto, jua na utulivu wa maji. Joto na jua haviko mikononi mwa chama. Mbolea imo mikononi mwake.

Mbolea hiyo, hasa fosforasi, huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni udongo wa mashamba unaochukuliwa na maji ya mvua. Ya pili ni mbolea ya dukani iliyotiwa shambani karibu na lambo. Ya tatu, ambayo mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote, ni kinyesi na mkojo wa mifugo inayoingia majini.

Na ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo kila katibu aweza kuibadili kulingana na hali ya chama chake. Tuseme lambo lina urefu wa mita 40, upana wa mita 30 na kina cha wastani cha mita 2. Ujazo wake ni meta za ujazo 2,400, yaani lita 2,400,000. Tuseme ng'ombe 200 hunywa hapo kila siku, kila mmoja lita 30. Kwa siku ni lita 6,000, na kwa siku 180 za kiangazi ni lita 1,080,000. Karibu nusu ya lambo hunywewa, kabla ya kuhesabu maji yaliyokaushwa na jua.

Sasa tuseme kila ng'ombe hutoa kilo 10 za kinyesi kwa siku, na sehemu moja tu ya kumi huanguka majini au ukingoni. Hiyo ni kilo 1 kwa ng'ombe, kilo 200 kwa kundi, na kwa siku 180 ni kilo 36,000. Tani 36 za samadi zimetiwa katika maji yanayozidi kupungua. Samadi hiyo ingepelekwa shambani kwa kiasi cha tani 3 kwa eka, ingetosha eka 12 za pamba. Wanachama wasiopata fedha ya kununua mbolea huwa wameimwaga mbolea yao wenyewe katika maji yao wenyewe, nayo imewaletea ugonjwa badala ya mavuno.

6. Mfano wa kufundishia: mkutano wa mrututu

Mfano huu haukuchukuliwa kutoka chama chochote. Umetungwa ili ujadiliwe.

Chama kimoja kiliita mkutano wa dharura mwezi wa Oktoba. Lambo lilikuwa limetanda kijani. Mwanachama mmoja akaeleza kwamba amesikia mrututu unaua kila kitu cha kijani majini, na kwamba dukani unapatikana. Wajumbe wakaunga mkono. Mzee mmoja mfugaji akaomba nafasi.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mimi sikwenda shule, lakini nauliza. Huo mrututu ukimwagwa leo, ng'ombe wetu watakunywa wapi kesho?"

Katibu, aliyekuwa kijana, akajibu kwa adabu: "Mzee wangu, watakunywa hapo hapo. Dawa inaua utando, maji yanabaki safi."

"Na huo utando ukifa, mwanangu, maiti yake inakwenda wapi?"

Mkutano ukacheka, lakini swali la mzee halikupata jibu. Mrututu ukamwagwa. Kwa siku mbili maji yalionekana kuwa meupe, na katibu akasifiwa. Siku ya tatu samaki wakaelea. Siku ya nne ndama wawili wakafa. Baada ya wiki tatu utando ukarudi, mzito kuliko wa kwanza.

Mkaguzi yeyote wa mahesabu angeuliza fedha imekwenda wapi. Katika mfano huu yafaa iulizwe pia sumu imekwenda wapi. Ni kweli kwamba mrututu huua sianobakteria, na katika nchi mbalimbali wataalamu wa maji huutumia kwa vipimo na ruhusa. Lakini bakteria wakifa wote kwa mara moja, miili yao hupasuka, na sumu iliyokuwa ndani huingia majini siku ile ile. Kuoza kwao humaliza oksijeni, na samaki hukosa pumzi. Shaba iliyomo katika mrututu hubaki katika tope, nayo ni hatari hasa kwa kondoo. Na mwisho wa yote, mbolea iliyoustawisha utando haikutoka. Ingali lamboni, ikingojea mbegu mpya. Mzee aliuliza swali la kitaalamu pasipo kujua.

7. Hatua za kuchukua

Utando ukiwa umekwisha kutokea:

(i) Mifugo izuiwe siku hiyo hiyo, na wenye nyumba zinazochota hapo waarifiwe kwa mbiu. Kisima, bomba au lambo jingine litumike.

(ii) Ikiwa hapana maji mengine kabisa kwa mifugo, maji yavutwe kwa pampu kutoka upande upepo unakotokea, mbali na utando, na chini ya uso wa maji, kisha yatiwe katika birika. Hii hupunguza hatari, haiiondoi.

(iii) Utando uliosukumwa ukingoni uondolewe kwa wavu mwembamba au ndoo yenye mpini mrefu, na watu waliovaa glavu na viatu vya mpira. Ufukiwe shimoni, chini ya mteremko, mbali na lambo. Usiachwe ukingoni ukauke, kwa kuwa sumu hubaki ndani yake hata ukikauka, wala usitiwe katika bustani ya mboga.

(iv) Sampuli ipelekwe kwa kufuata maelekezo ya ofisi ya maji ya wilaya au ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Afisa mifugo apewe taarifa ya maandishi.

(v) Utando ukitoweka, mifugo isirudishwe mara moja. Sumu yaweza kukaa majini kwa wiki kadhaa. Tarehe ya kurudi ipangwe kwa ushauri wa maafisa hao, na iandikwe.

Kuzuia usirudi mwaka ujao:

(i) Uzio na birika. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Lambo lizungushiwe uzio, na maji yatolewe kwa pampu ya kukanyaga au ya jua hadi kwenye birika lililojengwa chini ya mteremko. Mkonge hufaa sana kwa uzio. Minyaa isipandwe ukingoni kabisa, kwa sababu utomvu wake huua samaki matawi yakianguka majini.

(ii) Ukanda wa majani. Juu ya lambo, mahali maji ya mvua yanapoingilia, pasilimwe. Wasukuma wanao utaratibu wao wa asili wa ngitili, wa kufunga malisho ili yapumzike, nao mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulionyesha jinsi ngitili zinavyoweza kuirudisha ardhi iliyochoka. Ngitili ikiwekwa juu ya lambo hufanya kazi mbili: huhifadhi malisho, na huchuja udongo na samadi kabla havijafika majini. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru hifadhi ya maji ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto, ziwa au bwawa. Anayelima hadi ukingoni anavunja sheria na anaharibu maji ya wenzake kwa pamoja.

(iii) Shimo la kunasa tope. Lichimbwe katika njia ya maji, kabla ya lambo, na lisafishwe kila kiangazi.

(iv) Kuondoa tope. Fosforasi nyingi hulala katika tope la chini. Lambo likikaribia kukauka, wanachama walichimbue na kulipeleka tope mashambani. Kazi hiyo huongeza kina cha lambo na rutuba ya shamba kwa jembe moja. Maji yenye kina kirefu pia hayapati joto upesi.

(v) Dawa za pamba. Bomba la kunyunyizia dawa lisioshwe lamboni kamwe. Mbali na sumu yake kwa watu na mifugo, dawa hizo huua vijidudu vidogo vya majini ambavyo hula mwani na kuupunguza.

Kwa tangi la maji ya mvua, dawa kubwa ni giza. Viumbe hawa hawastawi pasipo mwanga. Tangi lifunikwe vizuri, lisiwe la rangi ya kupitisha nuru, na mifereji ya paa isafishwe kabla ya mvua za kwanza.

8. Bwawa la samaki

Wafugaji wa sato na kambale hutia samadi katika bwawa kwa makusudi ili maji yawe ya kijani, kwani kijani hicho ni chakula cha sato. Kwa hiyo kwao suala ni kipimo. Chukua sahani nyeupe, uifunge kwenye kijiti kilichotiwa alama za sentimeta, na uizamishe polepole. Ikipotea machoni kati ya sentimeta 25 na 40, hali ni njema. Ikipotea kabla ya sentimeta 20, mbolea imezidi: samadi isimame, na chakula kipunguzwe. Chakula, kiwe pumba au mashudu ya pamba, kisizidi kile ambacho samaki watakimaliza katika dakika 15 hadi 20. Kinachobaki hakiwanenepeshi samaki, huunenepesha utando.

Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, oksijeni imepungua. Usiku mwani nao huvuta oksijeni badala ya kuitoa. Maji mapya yaingizwe mara moja, yakianguka kutoka juu ili yachukue hewa. Samaki wasivuliwe kwa ajili ya chakula wakati utando wa sianobakteria ungalipo. Sumu hukusanyika hasa katika ini na matumbo yao.

9. Hata katika maji ya chumvi

Pengine mwanachama atafikiri kwamba haya ni matatizo ya nchi kavu isiyo na mito ya kudumu. Sivyo. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake, ambao wengi ni wanawake, hupambana na utando wa jamii hii ambao hujizungusha katika kamba zao maji ya bahari yanapopata joto, na kuwawasha ngozi. Vilevile watu wanaofuga samaki wa baharini ndani ya matangi ya kioo huona ukoga mwekundu ukifunika mchanga na mawe, wenye mapovu ya hewa mchana, ukipungua usiku. Ni sianobakteria, jamaa wa wale wa lamboni.

Wafugaji hao wa kioo wamejifunza kwa gharama. Wako waliotia dawa za kuua bakteria, ukoga ukaondoka, na pamoja nao bakteria wema wanaosafisha maji, kisha ukarudi. Waliofaulu walifanya mambo ya kawaida: waliunyonya ukoga kwa mpira na kuutoa nje, wakabadilisha sehemu ya maji, wakapunguza chakula cha samaki, na wakayatembeza maji yasilale. Tangi la kioo la lita 200 na lambo la lita milioni mbili hutii kanuni moja: ondoa chakula cha utando, nao utakonda.

Kanuni hiyo haiishii lamboni. Mto Simiyu, ambao ndio ulioupa mkoa jina lake, humwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wa Magu. Udongo na samadi vinavyoachwa kusombwa na mvua katika bonde lake huwa mbolea ya utando wa ziwa, mahali ambapo wavuvi na miji huchota.

10. Kazi ya katibu

Lambo la chama ni mali ya chama kama lilivyo ghala au mzani. Mali isiyo na kumbukumbu haina mwenyewe. Kwa hiyo katibu afungue daftari la lambo lenye safu hizi: tarehe, kina cha maji, rangi, harufu, matokeo ya njia ya chupa, idadi ya mifugo, na jina la aliyekagua. Ukaguzi ufanyike mara moja kwa mwezi wakati wa masika, na kila wiki kuanzia Agosti. Kanuni za kutumia lambo, pamoja na mchango wa uzio na zamu za kuondoa tope, zipitishwe na mkutano mkuu na kuandikwa katika muhtasari wa mkutano. Kanuni iliyotungwa na watu watatu ofisini haitalindwa na watu mia tatu malishoni.

Mambo ya kukumbuka

Utando mfano wa rangi iliyomwagwa ushukiwe kuwa na sumu. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe. Mrututu usimwagwe lamboni bila mtaalamu. Samadi mahali pake ni shambani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Eleza tofauti kati ya nyuzi za mwani na utando wa sianobakteria. Utatumia vifaa gani kuzipambanua?

2. Fanya hesabu ya samadi kwa lambo la chama chenu, kwa idadi halisi ya ng'ombe wanaonywa hapo. Ingetosha eka ngapi?

3. Katika mfano wa mkutano, katibu angemjibuje mzee? Je, mwenyekiti alifanya vema kupiga kura kabla swali halijajibiwa?

4. Lambo lenu likifungwa leo kwa wiki tatu, mifugo itakunywa wapi, na nani ataamua zamu? Andikeni jibu hilo sasa, kabla ya kiangazi, na mlisome katika mkutano mkuu ujao.